Upimaji wa aloi kwa ultrasaundi: desimali nyingi si usahihi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno kuhusu vipimo vya metali vinavyofanywa kwa ultrasaundi. Ripoti za vipimo hivi hutumika kuamua kama bomba litaendelea kubeba mvuke, kama ekseli iliyotoka kwenye tanuri imekomaa sawasawa, kama kitu kilichosubiwa kipokelewe au kirudishwe. Karibu kila ripoti huja na tarakimu mbili tatu baada ya nukta. Tunachotaka kusema ni kwamba tarakimu nyingi za namna hiyo zimeandikwa na kifaa tu, hakuna aliyezipima. Kununua kifaa cha bei kubwa zaidi hakutazisaidia ikiwa mpimaji hajui wimbi linasomwa wapi, jeli inayopakwa kati ya kifaa na metali ina unene gani, metali ina joto gani na kasi ya sauti iliyoingizwa kwenye kifaa imetoka wapi.

Probu, yaani kichwa cha kifaa kinachowekwa juu ya metali, hutuma mdundo mfupi wa sauti, kwa kawaida wa megahezi 1 hadi 20, juu kabisa ya kile sikio linachoweza kusikia. Mdundo huingia ndani ya metali, hugonga upande wa nyuma na kurudi kama mwangwi. Kifaa hakioni unene, wala hakijui aloi, yaani metali imechanganywa na nini. Kinahesabu muda wa kwenda na kurudi, basi. Chukua kipande cha feleji (chuma cha pua) chenye unene wa milimita 10. Wimbi la kusukuma, yaani lile ambalo chembe za metali husogea mbele na nyuma katika njia ya wimbi lenyewe, hukimbia ndani yake takriban mita 5,920 kwa sekunde. Safari nzima ni milimita 20, nayo huchukua maikrosekunde 3.38. Kosa la nanosekunde 10 kwenye muda huo ni milimita 0.03 kwenye unene, au asilimia 0.3 kwenye kasi. Asilimia 0.3 huonekana ndogo mpaka ukumbuke kinachotafutwa: feleji iliyozimwa majini ikawa ngumu, na feleji ile ile iliyopozwa polepole, mara nyingi hutofautiana kasi kwa asilimia 1 au pungufu. Anayepima kwa kosa la asilimia 0.5 amekwisha kupoteza nusu ya alichokuja kukitafuta.

Tuanze na wimbi lenyewe, maana hapo ndipo makosa makubwa hujificha. Mwangwi ukiutazama kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora ishara ya umeme kwenye kioo, si mstari mmoja uliosimama. Ni mawimbi madogo matatu manne yanayopanda na kushuka, yakikua kisha yakififia. Kwa probu ya megahezi 5, kupanda na kushuka mara moja kamili huchukua nanosekunde 200. Vifaa vingi vya mkononi husimamisha saa pale wimbi linapovuka kizingiti kilichowekwa, tuseme asilimia 20 ya kimo cha kioo. Mwangwi ukiwa na nguvu, wimbi dogo la kwanza huvuka kizingiti na saa husimama hapo. Mwangwi ukidhoofika, kwa sababu jeli imepungua au uso una mikwaruzo, wimbi la kwanza halifiki. Saa husubiri la pili. Hapo muda umeruka nanosekunde 200 kamili, na kipande kile kile cha feleji kimenenepa milimita 0.59. Ukiona 10.00, 10.01, 10.59, 10.00, usiilaumu aloi. Saa imeruka wimbi. Alama yake ni hiyo: mruko unalingana na mzunguko mmoja wa frikwensi ya probu. Dawa yake ni kurekebisha nguvu ya kifaa mpaka mwangwi ufike kimo kile kile kila mara, kwa mfano asilimia 80 ya kioo, kabla ya kusoma chochote.

Hata saa isiporuka, wimbi dhaifu hufikia kizingiti kwa kuchelewa kuliko wimbi lenye nguvu, kwa sababu mteremko wake umelala zaidi. Kwa hiyo ni afadhali kusoma pale wimbi linapokata mstari wa sifuri. Nukta hiyo haihami wimbi likikua au likipungua, ilimradi mstari wa sifuri wenyewe haujahama. Anayehifadhi wimbi kwenye kompyuta ana njia bora zaidi ya hiyo: achukue mwangwi wa kwanza mzima, autelezeshe juu ya wa pili mpaka ilingane, kisha programu imwambie umeteleza kiasi gani. Kifaa kinachochukua sampuli milioni 100 kwa sekunde kina pengo la nanosekunde 10 kati ya nukta moja na nyingine. Lakini kulinganisha miangwi mizima, halafu kupitisha parabola kwenye nukta tatu za kilele cha ulinganifu, hushusha kosa hadi nanosekunde 1 au chini yake, kelele zikiwa ndogo.

Wanaopima kipande kikiwa ndani ya maji wana mtego wao. Mwangwi unaotoka kwenye uso wa juu wa metali, pale maji yanapokutana na metali, haugeuki. Ule wa nyuma, pale metali inapokutana na maji, hurudi umepinduliwa: kilichokuwa kilele kimekuwa bonde. Mtu akipima kutoka kilele cha kwanza hadi kilele cha pili amekosea nusu mzunguko, nanosekunde 100 kwa megahezi 5, karibu milimita 0.3 za feleji. Apime kilele kwa bonde. Au, vizuri zaidi, aache mwangwi wa uso kando na apime kati ya mwangwi wa nyuma wa kwanza na wa pili, ambayo yote miwili imepinduliwa kwa namna moja.

Pendekezo hilo la kupima kati ya mwangwi na mwangwi lingefuatwa kila linapowezekana, lingeondoa malalamiko mengi. Sababu ni jeli. Bila jeli, mafuta au maji kati ya probu na metali, sauti haiingii, kwani hewa huirudisha karibu yote. Lakini sauti hukimbia ndani ya jeli takriban mita 1,500 tu kwa sekunde, robo ya kasi yake ndani ya feleji. Tabaka la milimita 0.05, jembamba kama unywele, huongeza nanosekunde 67 kwenda na kurudi, na kifaa huzisoma kama milimita 0.2 za feleji. Ukikandamiza probu kwa nguvu leo na kuigusisha tu kesho, umebadilisha jibu bila kugusa aloi. Rangi ni mbaya zaidi kwa kuwa haikandamiziki: milimita 0.2 za rangi huonekana kama nusu milimita nzima ya chuma, na bomba lililoliwa na kutu huandikwa kuwa zima. Ukipima kutoka mwangwi wa nyuma wa kwanza hadi wa pili, jeli na rangi hujitoa zenyewe kwenye hesabu, kwa sababu miangwi yote miwili imezivuka kwa idadi ile ile.

Njia hii ina masharti. Inataka miangwi miwili safi, na nyuso mbili zilizo sambamba. Uso wa nyuma ukiwa umeinama au umeliwa na kutu kwa mashimo, mwangwi wa pili hupotea au huja umeharibika umbo. Hapo hurudi kwenye mwangwi wa kwanza, ukiweka sifuri ya kifaa kwa kipande rejea, yaani kipande ambacho unene wake unajulikana, cha aloi ile ile, na probu ikishikwa kwa springi au kwa uzito usiobadilika badala ya mkono. Subiri sekunde kadhaa mpaka namba itulie, maana jeli nzito huendelea kusambaa na kuwa nyembamba baada ya probu kuwekwa. Na kwa kuta nyembamba, probu za vipande viwili, kimoja cha kutuma na kingine cha kupokea, huweza kuukosa mwangwi wa kwanza na kuonyesha unene mara mbili ya uliopo. Ukuta wa milimita 1.2 ukisomwa 2.4, mwenye mtambo hulala usingizi ambao hakustahili kuulala.

Kuna kosa dogo la kupanuka kwa mwale wa sauti ambalo vitabu hulitaja na karakana hulisahau. Probu ya kipenyo cha milimita 12 na megahezi 5 ina eneo la karibu, yaani sehemu ya mbele ya probu ambako mwale haujatulia, linalofika takriban milimita 30 ndani ya feleji. Ndani ya eneo hilo na kuendelea mbele yake, mawimbi yanayotoka pembeni mwa probu huungana na ya katikati na kuhamisha taratibu awamu ya wimbi, yaani mahali lilipofika katika kupanda na kushuka kwake, jumla yake ikikaribia robo ya mzunguko, yaani nanosekunde 50. Mwangwi wa kwanza na wa pili haukusafiri umbali mmoja, kwa hiyo haukuhama kwa kiasi kimoja. Kwa unene wa kila siku tofauti yake inaweza kuvumilika. Kwa anayetaka kasi kwa usahihi wa asilimia 0.1, haivumiliki: ama afanye hesabu ya marekebisho, ama alinganishe na kipande rejea chenye unene ule ule na kasi inayokaribiana.

Kebo nayo isisahaulike. Ishara ya umeme huchukua takriban nanosekunde 5 kupita mita moja ya kebo, na hupita mara mbili. Ukiondoa kebo ya mita 1 ukaweka ya mita 3 bila kuweka sifuri upya, umeongeza nanosekunde 20, au milimita 0.06. Hakuna tarakimu ya pili baada ya nukta inayosalimika hapo.

Sasa joto, ambalo kwa maoni yetu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Kasi ya sauti ndani ya feleji hupungua takriban asilimia 1 kwa kila nyongeza ya nyuzi 55 za Selsiasi. Kipande rejea kilichokaa kwenye chumba chenye nyuzi 20 hakiwezi kusemea bomba lenye nyuzi 75 bila marekebisho. Kwa wanaopima mkazo uliobaki ndani ya metali, jambo hili ni zito maradufu. Mkazo wa megapaskali 100 hubadilisha kasi ya wimbi la kusukuma linalopita sambamba nao ndani ya feleji kwa takriban asilimia 0.1. Joto likipanda nyuzi sita hadi kumi hivi, kasi hubadilika kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo anayeripoti mkazo bila kuandika jotoridi ameripoti, pengine, hali ya hewa ya siku ile. Kipande na kipande rejea viwekwe pamoja juu ya sahani moja nene ya metali kwa saa kadhaa, vishikwe kwa glovu, na kipimajoto kiguse metali yenyewe, kisiishie kupima hewa ya chumbani. Ndani ya maji mambo huenda kinyume: kasi ndani ya maji hupanda joto linapopanda, kutoka mita 1,482 kwa sekunde kwenye nyuzi 20 hadi 1,497 kwenye nyuzi 25. Probu yenye kizuizi cha plastiki mbele hupata moto kwenye metali ya moto, na sifuri yake huhama huku unapima. Irudishwe kwenye kipande rejea kila baada ya vipimo vichache.

Kasi inayoingizwa kwenye kifaa ndiyo mahali ambapo uvivu hugharimu zaidi. Jedwali linasema feleji ni mita 5,920 kwa sekunde, alumini 6,320, titani karibu 6,100. Ni wastani wa kuanzia tu. Chuma kisichoshika kutu huwa karibu na 5,700. Mpimaji akiacha kifaa kwenye 5,920, milimita 10 husomeka 10.39, na kosa linaelekea upande wa hatari kwa kuwa ukuta unaonekana mnene kuliko ulivyo. Chuma cha kusubu hutapakaa kutoka 3,500 hadi 5,600 kutegemea umbo la grafiti iliyomo. Na hapo ndipo kasi inapokuwa chombo cha ukaguzi: grafiti ikiwa vipande bapa kasi hushuka, ikiwa vidonge vya duara hupanda hadi karibu 5,600, na mstari wa kukubali au kukataa huwekwa mara nyingi karibu na 5,500. Tofauti ya 5,500 na 5,600 haifiki asilimia 2. Kwenye kipande cha milimita 25, maikromita (kifaa cha mkono cha kupimia unene) ikikosea milimita 0.1, na juu ya ngozi mbaya ya kitu kilichotoka kwenye mchanga ni rahisi ikosee hivyo, kasi imekosewa mita 22 kwa sekunde. Piga msasa au mashine pande zote mbili, pima unene mahali pale pale probu itakapokaa, nukta tano, na uandike zote. Anayetafuta kasi hawezi kuwa sahihi kuliko maikromita yake.

Wanaotaka ugumu wa unyumbufu wa aloi huhitaji kasi mbili, ya kusukuma na ya kukata, pamoja na densiti. Wimbi la kukata, ambalo chembe zake husogea kwa kukingama, halipiti kwenye mafuta mepesi wala maji. Linataka kitu kizito kinachonata. Asali safi hufanya kazi vizuri, nasi tunaipendekeza bila aibu. Ibanwe, isubiriwe dakika chache, na isiwe na mapovu. Kwa feleji yenye kasi 5,920 na 3,240 na densiti ya kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, hesabu inatoa moduli ya Young (kipimo cha metali inavyokataa kuvutwa) ya gigapaskali 212 na uwiano wa Poisson (jinsi inavyosinyaa pembeni ikivutwa) wa 0.286. Kosea kasi ya kukata kwa asilimia 1 kwenda juu, uwiano huo unashuka hadi 0.280 na moduli ya kukata inapanda asilimia 2, kwa sababu kasi huingia kwenye hesabu ikiwa kipeo cha pili. Kisha zungusha probu ya kukata nyuzi 90 na upime tena. Bamba lililopitishwa kwenye rola lina punje, yaani fuwele ndogo zinazounda metali, zilizopangwa kwa uelekeo, na kasi mbili zitakazotoka hazitalingana. Tofauti hiyo ni sifa halisi ya bamba. Kuchukua wastani wake na kunyamaza ni kuficha jambo ambalo mhandisi alilihitaji.

Punje hizo pia ndizo zinazoamua frikwensi. Zikiwa ndogo sana kuliko urefu wa wimbi, kutawanyika kwa sauti hukua kwa kipeo cha nne cha frikwensi na kipeo cha tatu cha ukubwa wa punje: ongeza frikwensi mara mbili, sauti itatawanyika mara 16. Ndiyo maana kupandisha hadi megahezi 10 kutafuta usahihi hufaa kwenye bamba jembamba la alumini yenye punje laini, lakini kwenye kitu kinene kilichosubiwa kwa chuma kisichoshika kutu huleta nyasi za kelele tupu kwenye kioo. Huko shuka hadi 2 au hata 1, na ukubali kwamba muda utasomeka kwa ukali mdogo zaidi.

Kelele za bahati hupunguzwa kwa wastani. Midundo 64 ikijumlishwa, kelele za umeme hupungua mara 8. Lakini kelele za punje hazipungui hata kidogo probu ikibaki mahali pamoja, kwa kuwa punje hazihami. Lazima probu ihamishwe milimita kadhaa. Na hakuna wastani unaoweza kuondoa jeli nene, joto lisilopimwa au wimbi lililorukwa. Mara elfu moja za kosa lile lile hutoa kosa lile lile, likiwa na desimali nzuri zaidi. Kipimo cha kweli cha uthabiti ni kuondoa probu, kufuta, kupaka jeli upya na kupima, mara 10, kisha kutazama namba zimesambaa kiasi gani. Zikisambaa milimita 0.04, ripoti yenye tarakimu tatu baada ya nukta irudishwe kwa aliyeiandika.

Viwango vya kazi hii vipo: ISO 16809 na ASTM E797 kwa unene, ASTM E494 kwa kasi. Havifuatwi kwa sababu havijulikani, au vinajulikana lakini kazi inalipwa kwa idadi ya nukta zilizopimwa kwa siku. Tunaomba wanaoagiza vipimo waandike katika mkataba kwamba ripoti itaje jotoridi la metali, kasi iliyotumika na kipande kilichoitoa, frikwensi na kipenyo cha probu, urefu wa kebo, mahali pa wimbi paliposomwa, na mtawanyiko wa vipimo 10 vya kupaka upya. Waombe pia faili la wimbi lenyewe kwa kila nukta iliyo karibu na mpaka wa kukataliwa. Namba 10.59 ikibaki peke yake kwenye karatasi, hakuna awezaye kujua miaka miwili baadaye kama ukuta ulikuwa mnene hivyo. Wimbi likiwa limehifadhiwa, mtu mwingine atalifungua, ahesabu mizunguko, na aone kama saa ilisimama kwenye wimbi la kwanza au la pili.

Ni sisi,
Wapimaji wa metali kwa ultrasaundi